Mwaka Nilioishi Nyuma ya Mlango

Mwanangu Zuhura,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na nyumba imebaki na mimi, na kuku, na sanduku lako la bati lililofungwa kamba katikati ya ukumbi kama mgeni asiyejua akae wapi. Alasiri imeshaswaliwa. Upepo unaotoka upande wa mashamba ya mkonge unaingia mlango wa mbele na kutokea uwani. Nimekaa mkekani na kalamu yako nyekundu, ile ya kusahihishia, maana ndiyo niliyoiona karibu. Usidhani nakusahihisha.

Kesho alfajiri gari litakupitia hapa Mitwero, utashuka Nangurukuru, utatafuta lori la kwenda Likawage, na jioni yake, Mungu akipenda, watu watakuita mwalimu. Barua hii nitaichomeka kati ya kanga zako. Utaisoma huko, ukiwa umeshafagia chumba na hujui ufanye nini na ukimya.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Kuchemsha maji, kunawa mikono, kuchomeka chandarua chini ya godoro, hayo umeyasikia kutoka kwangu mpaka ukayachoka, na chuoni wamekuongezea. Ninataka kukusimulia jambo moja tu, kwa sababu juzi ulipokuwa unakunja nguo uliniuliza, "Mama, kwa nini kila chumba ukiingia unafungua dirisha kwanza, hata kwenye nyumba za watu?"

Nikakujibu kwamba ni joto.

Ukasema taratibu, kama mtu aliye kati ya usingizi na kuamka, "Mimi huwa naota mlango. Mlango wa mbao. Wewe uko nyuma yake unakohoa, mimi nasukuma, haufunguki."

Nikaendelea kukunja gauni lako la bluu kama vile sikusikia. Mwanangu, ile si ndoto. Mlango huo ulikuwepo, na mkono uliousukuma ulikuwa wako.

Ulikuwa hujatimiza miaka mitano. Ndiyo kwanza enzi za ruksa zimeingia, serikali imeachia biashara. Hujui sisi tulivyotoka kwenye foleni za sukari na kufulia majivu, halafu kama mtu anayeamshwa asubuhi, tukaona sabuni imejaa dukani, kanga za kila rangi, nguo za mitumba zimetandazwa chini pale sokoni Lindi, watu wanacheka wakizipima juu ya nguo zao. Na maduka ya dawa nayo yakachipuka kama uyoga. Ulikuwa huna haja ya kwenda zahanati. Ulitaja kichwa, ukapewa vidonge viwili. Ulitaja tumbo, ukapewa vingine viwili.

Mimi nilitaja kikohozi. Nikapewa dawa ya maji yenye ladha ya ndizi, nikaimaliza, kikohozi kikabaki. Nikapewa zile za rangi mbili, nyekundu kwa nyeusi, nikazimeza kwa siku nilizoona zinatosha. Kikohozi kikapoa, kikarudi, kikapoa, kikarudi. Masika ikaanza na kikohozi, ikaisha na kikohozi. Usiku jasho lilinitoka mpaka mkeka ukalowa, na mchana nilipojifunga kanga niliona inanizunguka mara mbili, kama nimeazima ya mtu mnene.

Siku moja nilikohoa kwenye upindo wa kanga, nikaona damu. Kidogo tu, kama ua la mkomamanga. Nikaukunja upindo haraka, lakini bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa ameketi mbele yangu akisuka ukili. Macho yake yalikuwa hayajazeeka hata kidogo.

"Somoe," aliniambia, "hiki si kikohozi cha Mungu."

Usimchukie bibi yako kwa yale yatakayofuata. Alikuwa ameshazika. Dada yake alikwenda hivyo hivyo, akikohoa na kukonda, na watu wa zama zao walisema ni mwiko uliovunjwa au ni mkono wa mtu, na kila walichofanya hakikuzuia kitu. Alichojua ni kuogopa, na alituogopea sote. Akanitengea sahani, ile ya bati yenye maua yaliyobanduka. Akanitengea kikombe, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili asikosee mtu. Vyombo vyangu vikaoshwa peke yake, kwa majivu, nyuma ya choo. Kisha akanihamishia chumba cha nyuma, akaziba dirisha kwa gunia, na juu ya gunia akapigilia ubao, maana alisema upepo ndio unaokichochea kifua.

Na mimi nilishukuru. Nilisema moyoni, hapa nimewaepusha. Nilikilinda kile kikombe kama jicho langu. Ulipokuja na mikono yako midogo ukitaka kunywea humo, nilikupiga kofi la mkono, ukalia. Lakini usiku ulipokataa kulala kwa bibi, ukanililia mimi mpaka sauti ikakukauka, walikuleta, nikakuingiza kifuani, tukalala humo ndani, mimi na wewe, dirisha limezibwa, mlango umefungwa, nikikohoa juu ya nywele zako mpaka asubuhi.

Sahani yangu hukuigusa. Pumzi yangu uliivuta usiku kucha. Hakuna aliyejua. Hilo ndilo linalonifanya hata leo, nikiingia chumba kilichofungwa, mkono wangu uende dirishani kabla sijasalimia.

Ndani ya kile chumba siku ziliacha kuwa na majina. Homa ilikuwa inakuja jioni, polepole, kama maji yanavyojaa kwenye mashimo ya chumvi, na nilipofumba macho nilikuwa kwetu Mitole. Mama yangu, ambaye alikuwa ameshafariki, alikuwa anatwanga uani na mimi nahesabu mapigo ya mchi, kisha naona kumbe ni kifua changu. Mara nyingine niliona shamba la ufuta limekauka vizuri, tayari kuvunwa, na kila ganda linapasuka linatoa sauti ya kukohoa. Sikuogopa. Hilo ndilo la hatari, Zuhura. Ilifika mahali nikaona ni vizuri kukaa huko, ni baridi, ni shwari, hakuna anayenitazama. Sauti yako nyuma ya mlango ilikuwa inanifikia kama inatoka kijiji cha pili. Maana wakati huo walikuwa wameshakukataza kuingia hata usiku. Nilikuwa nimekonda kiasi kwamba baba yako aliona nitakufa na wewe mkononi.

Aliyeufungua ule mlango ni Mama Tino. Unamkumbuka, au unakumbuka mapaja yake, maana ulikaa sana juu yake. Agnesi, Mmakonde wa Newala, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akiuza mitumba ya watoto. Mimi Mwislamu, yeye Mkatoliki, tulikuwa tunaazimana chumvi na kila kitu. Alikuwa amesafiri kwenda kwao kuzika, na aliporudi aliuliza, "Shoga yangu yuko wapi?" Watu wakanyoosha midomo kuelekea chumba cha nyuma.

Nilisikia mabishano ukumbini.

"Usiingie huko, Mama Tino. Una watoto."

"Na yeye hana?"

Mlango ukafunguka. Alisimama pale akiwa na kitambaa chake cha safari kichwani, akavuta hewa ya mle ndani, akarudi hatua moja. Nilidhani amekimbia. Kumbe alikwenda kutafuta shoka. Alizunguka nje, akabandua ubao, akalivuta gunia, na jua likaniangukia usoni kama maji. Nililia kwa maumivu ya macho.

"Somoe, mwanamke wewe," alisema kupitia dirishani, "wamekuzika na wewe unawasaidia kufukia?"

"Niache, shoga. Utaambukizwa."

"Mdogo wangu alikuwa hivi. Hivi hivi! Tulimfungia sahani, tulimfungia kijiko, tulimfungia na mlango. Unajua yuko wapi leo? Analima. Ana mtoto mgongoni. Alikunywa dawa za hospitali mpaka za mwisho. Amka, tunakwenda mjini."

Baba yako alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imening'inia. Mama Tino akamgeukia. "Shemeji, tafuta gari. Mengine tutaongea njiani."

Mjini walichukua makohozi yangu wakayatazama kwenye darubini, wakarudia tena kesho yake, na daktari, kijana mwenye sauti ndogo, akaniita nje chini ya upenu tukae kwenye benchi.

"Mama, ni kifua kikuu," akasema. "Kinatibika."

Nikamwambia, kwa fahari kabisa, kwamba tangu nianze kuugua hakuna aliyegusa kikombe changu.

Hakunicheka. Akasema, "Mdudu huyu hakai kwenye kikombe, mama. Anakaa kifuani. Ukikohoa anatoka na pumzi, anaelea. Chumba kikiwa kimefungwa anaendelea kuelea, anangoja mtu amvute. Ukifungua dirisha upepo unamtawanya, na jua linamuua." Kisha akauliza, "Nani alikuwa analala nawe?"

Zuhura, nimezaa, nimezika mama, nimesikia maneno mengi. Sijawahi kusikia swali zito kama lile.

Baba yako alikuleta kesho yake. Walikupima kifua, wakakuchoma sindano ndogo ya mkononi, wakakutazama, wakakupima uzito. Ugonjwa ulikuwa haujaamka mwilini mwako. Walikupa vidonge vya kukukinga, uvinywe kwa miezi, na Mama Tino ndiye aliyekuwa akivisaga na kuvificha kwenye ndizi. Hadi leo hupendi ndizi mbivu na hujui sababu. Sasa unajua.

Mimi nililazwa. Wodi ilikuwa pembeni, na madirisha yake hayakuwa yanafungwa hata mvua ikinyesha. Tulisogeza vitanda tu. Sindano kila asubuhi, vidonge kiganja kizima. Hapo ndipo walipokuleta siku moja umevaa gauni la mtumba lenye mfuko wa picha ya sungura, ukaniona kwa mbali nimekaa juani, ukakimbia. Nami nilikuwa nimeambiwa nisikukaribishe mpaka makohozi yawe safi. Nikanyanyua mkono, nikasema, "Simama hapo hapo!" Nilisema kwa ukali, maana ningesema kwa upole nisingeweza. Ukasimama. Uliniangalia, kisha ukaangalia chini, ukaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu. Mpaka wanakuchukua hukuniangalia tena.

Kitanda kilichofuata changu alilala Mwanaisha, mtu wa kwetu Mitole. Tulikuwa tunaongea habari za nyumbani mpaka usingizi. Alipata nafuu kabla yangu. Kikohozi kiliisha, mashavu yakajaa, akaanza kuimba. Ufuta wake ulikuwa unangoja. Muuguzi alimwambia, "Mwanaisha, umejisikia mzima, hujapona. Haya ni mambo mawili." Yeye akacheka, akasema mwili ni wake na anaujua. Akaenda kuvuna. Aliporudi, mimi nilikuwa nimeshatoka, nilimkuta siku niliyokwenda kuchukua dawa zangu. Wale wadudu waliobaki walikuwa wameshazijua dawa, haziwatishi tena. Alinishika mkono akasema, "Somoe, ufuta ulikuwa mzuri sana mwaka huu." Sikumwona tena.

Kwa hiyo nyumbani, niliponenepa na vidonge bado ni vingi na kila kimoja kinanitia kichefuchefu, nilikuwa na uso wa Mwanaisha mbele yangu. Na baba yako. Yule asiyejua kusema, alijua kukaa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alivuta kigoda, akakaa mbele yangu kama mtu anayetazama mpira, mpaka nimeze. Nikimaliza alisema, "Haya," akaondoka. Ukitaka kujua mapenzi ya baba yako kwangu yanafanana na nini, yanafanana na lile "haya".

Na Mama Tino alikuja kila mchana. Tulitandika mkeka nje, penye upepo, akaweka sinia moja, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, tukala mkono wake na wangu. Watu walipita wakapunguza mwendo. Walikuwa wanamngoja aanze kukohoa. Wengine walinong'ona kwamba yangu si tibii, ni ule ugonjwa mwingine, ambao wakati ule jina lake lilitajwa kwa kuangalia nyuma. Bibi yako alikuwa akitazama kutoka dirishani. "Huyu naye anajitafutia," alisema. Mvua zikaja, zikapita, korosho zikaiva, Mama Tino akazidi kunenepa.

Siku moja tumekaa hivyo, bibi yako alitoka. Alikuwa na birika la maji. Akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akavuta kanga yake, akaketi mkekani kwa shida ya magoti, na akamega tonge kwenye sinia letu. Hakunitazama. Akatafuna, akameza, akasema, "Kisamvu kimepungua chumvi."

Mama Tino akaenda kuleta chumvi. Mimi nilishindwa kula, nikasingizia kwamba nimeshiba. Sahani yenye maua sikuiona tena, wala sikuuliza ilikokwenda.

Sasa unakwenda Likawage, na utakuwa na darasa la watoto waliobanana, na siku ya baridi watakuomba ufunge madirisha. Hilo utaamua wewe, wewe ndiye mwalimu. Ila atakapotokea mtoto anayekohoa wiki nyingi na wenzake wanamkwepa, au mama mmoja asiyeonekana kisimani, usiulize kwanza amefanya nini. Mimi nilitumia mwaka mzima nikitafuta nilikosa nini, na nani nimemuudhi, wakati ugonjwa haukuwa na habari na tabia yangu. Wenyewe ulipata hewa iliyofungwa, ukakaa.

Na ule ugonjwa mwingine siku hizi unatajwa wazi, lakini watu bado wanautafuta usoni mwa mtu. Nami ni mama yako, nitasema japo tunaoneana haya: atakuja mtu, Zuhura. Atakuwa mnene, msafi, ana baiskeli mpya, anaswali. Hayo yote ni mazuri na hakuna hata moja linalokuambia kilichomo damuni. Mwambie mwende mkapime pamoja, hata mkiambiwa mpaka Kinyonga hospitalini. Akikasirika, mwache akasirike, hasira hupoa. Na ukimpenda mgonjwa, usimwogope. Jua tu kitu chenyewe kinapita wapi. Kumwogopa mtu wakati hujui njia ya ugonjwa ndiko kulikotuponza sisi.

Nimeandika mengi na jua limeshafika kwenye kizingiti. Nimalizie ule mlango wako.

Nilipopona, nikaambiwa mimi ni mzima na ninaweza kukubeba, wewe hukutaka kubebwa. Ulikuwa umeshajifunza. Nilipoingia ukumbini ulihamia upande wa pili, bila kulia, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempisha mkubwa. Uliniita "mama wa hospitali". Nikikunyooshea mikono ulijificha kwenye kanga ya Mama Tino. Yeye aliniambia, "Usimvute, shoga. Paka havutwi." Nikaacha. Kuacha huko kulinishinda kuliko sindano zote. Nilikuwekea chakula, nikaondoka. Nilikufulia gauni la sungura, nikalianika mahali utakapoliona. Usiku nilisimama mlangoni pa bibi yako nikasikiliza unavyopumua.

Ikawa adhuhuri moja, nimekaa barazani nachambua choroko. Watu wamelala, kuku wamelala, hata upepo ulikuwa unasinzia. Ukatokea nyuma ya nyumba unaruka kwa mguu mmoja. Ukaangalia nyumba ya Mama Tino, mlango umefungwa, amekwenda mnadani. Ukaangalia kwa bibi, anakoroma. Ukasimama pale juani muda mrefu ukiwa na mguu juu kama korongo, unafikiri.

Kisha ukaja. Ukasema, "Mwiba."

Nikaweka ungo chini. Nikasema, "Leta nione." Ukakaa mbali kiasi unachoweza, ukanyoosha mguu mpaka wayo ukagusa paja langu. Nikachomoa pini kwenye kanga. Nikaogopa nitakuumiza, nikajikaza. Mwiba ulikuwa mdogo sana. Nikautoa, nikakuonyesha kwenye ncha ya kidole, ukaupuliza ukapotea.

Nilidhani utaondoka. Hukuondoa mguu. Baada ya muda ukasogea kidogo. Kisha kidogo tena. Kisha nikasikia kichwa chako hapa, juu ya kifua kile kile, na uzito wako wote ukanielemea taratibu, ukalala.

Sikuthubutu kuchambua choroko. Jua lilihama kutoka ukutani hadi miguuni mwetu. Miguu ikanifa ganzi. Bibi yako aliamka, akatoka, akatuona, akageuza njia akapitia uwani. Baba yako alirudi kazini, akasimama kwenye kona ya nyumba na baiskeli yake, akasema kwa sauti ya chini, "Haya," akakaa palepale chini mchangani, akiogopa kwamba hata mlio wa baiskeli utakuamsha.

Mimi nilikuwa navuta pumzi, naitoa. Naivuta, naitoa. Nywele zako zilikuwa zinapepea.

Mama yako,
Somoe